Kumwomba Radhi Aliyenyongwa na Mjerumani

Kila ninayekutana naye hapa Mbulu, sokoni, kanisani, hata kwenye mashine ya kusaga, ananishika mkono: "Mama Neema, hebu tueleze, huko Hanang ilikuwaje?" Nimesimulia mpaka koo limekauka, na kila nikifika katikati anatokea mmoja anataka nianze upya. Basi naandika. Mkishasoma, naomba mniache niuze mbolea yangu kwa amani.

Kwanza mjue kwa nini tulikwenda, maana wengine mmeshaanza kusema tulifuata mganga. Jamani! Baba yangu ni katekista mstaafu, angemfuata mganga gani? Ana miaka themanini na kitu, na tezi dume imemtesa mwaka mzima. Daktari alisema apasuliwe upesi, akichelewa figo zitaharibika na hapo hakuna wa kulaumiwa. Baba akakataa. Padri akaja, akakataa. Kaka yangu akapiga kutoka Arusha, akalia kwenye simu mtu mzima na ndevu zake, baba akamwambia, "Nyamaza, unamaliza salio." Mwisho akaniita mimi, ambaye wote nyumbani wananiogopa kwa mdomo, akasema, "Sipasuliwi nikiwa na neno hili. Nikifia mezani kwa daktari nitakutana na yule mzee. Nitamwambia nini?"

Nikauliza mzee gani. Ndipo, nikiwa na miaka hamsini na nne, nikasikia habari ambayo haikuwahi kutajwa nyumbani kwetu.

Babu yake baba alikuwa mkalimani wa Wajerumani walipokuja kutawala huku juu. Alijua Kiiraqw chetu, alijua Kiswahili cha askari, na alijua Kidatooga, lugha ya wafugaji wa uwanda wa Hanang, wale ambao watu wengi huwaita Wamang'ati ingawa wenyewe hawalipendi jina hilo. Wadatooga walikataa kodi na amri, wakapigana na askari wenye bunduki kwa mikuki. Jeshi likashuka, ng'ombe wakaswagwa, watu wakakusanywa uwanjani. Ofisa Mjerumani akauliza swali moja tu: "Mfalme wao ni nani?" Kwao kulikuwa na mfalme, basi akaona kila taifa lazima liwe naye, tena bila mfalme angemnyonga nani? Lakini Wadatooga hawakuwa na mfalme. Walikuwa na wazee wanaokaa kikao na kusemezana mpaka wakubaliane. Mkalimani wetu alilijua hilo vizuri sana. Ila aliogopa kiboko, aliogopa kuambiwa anaficha, akanyoosha kidole kwa mzee mmoja ambaye watu walikuwa wamempisha akae kivulini. Yule mzee akanyongwa.

"Babu aliniambia mimi peke yangu nikiwa nachunga mbuzi," baba akasema. "Akanitajia na jina la yule mzee. Akanikataza nisilitamke nyumbani. Hata mama yako sikumwambia. Nataka nikasimame kwenye kaburi lake niseme: hukuwa mfalme, sisi ndio tuliokufanya mfalme. Watu wake wakinisamehe, nitalala kwenye hicho kitanda cha daktari."

"Na wasipokusamehe?"

Akainuka, akatoka kwenda zizini. Jina la huyo mzee sitaliandika hapa, na sababu mtaiona mbele.

Mbulu hadi Dongobesh

Kwetu kosa la damu halimalizwi kwa mdomo mtupu. Tulitoka na kondoo jike asiye na kilema, kutoka zizini kwetu, na dumu la asali. Kondakta wa basi alipomwona kondoo akasema apandishwe juu na magunia ya vitunguu saumu. Baba akamwambia, "Mwanangu, huyu anakwenda kuomba radhi. Anayekwenda kuomba radhi hafungwi juu." Kondakta akanitazama kama kuniuliza mzee ana akili timamu. Nikamwambia, "Usinitazame mimi, mtazame kondoo." Akacheka, kondoo akaingia, akasimama katikati ya miguu ya baba kama mtoto wa shule.

Kabla ya Dongobesh springi ilikatika. Dereva akashuka, akainama, akasema "dakika kumi," na kila mtu aliyewahi kupanda basi anazijua dakika kumi za dereva. Jua lilitoka upande mmoja wa kilima likahamia upande wa pili. Mama mmoja jirani na barabara alituletea chai ya maziwa kwenye birika kubwa na viazi vitamu vya kuchemsha, akatugawia wote kana kwamba alikuwa anatutarajia.

Tukiwa tumekaa kwenye nyasi, abiria wakaanza kuuliza kondoo anakwenda wapi. Baba akajibu kwa mkato, ila neno "Mjerumani" likawatosha. Kulikuwa na mwalimu wa historia, kijana mwenye koti la kijivu, akachangamka kweli. Akasema wilaya hizi zetu hazikuwa na wafalme, machifu walikuja kuwekwa na wazungu ili wawe na wa kumwagiza. Akasema watu wakifundishwa habari za uhuru hudhani ulianza mjini, kwenye mikutano, kumbe ulianza kwa wazee kama hao walionyongwa uwandani kabla hata ya neno uhuru kujulikana. "Mapinduzi yote yana mizizi yake," akasema, "na mizizi yetu ni kamba za wale wazee." Mimi nilimpenda yule kijana. Angenifundisha yeye nisingepata sifuri.

Baba akamuuliza, "Na waliowanyooshea vidole, mwalimu, nao mnawafundisha?"

Mwalimu akacheka. "Hao, mzee, historia haina muda nao."

Baba akashusha kikombe, hakumaliza chai. Sikuona haya kumkanyaga yule mwalimu mguu wakati wa kupanda basi, ingawa maskini hakujua amemkosea nani.

Kuteremka Dareda

Nimezaliwa huku juu, nimepita njia ya kuteremka Dareda mara nyingi, na kila mara nashika kiti. Barabara inajipinda kwenye ukuta wa bonde, upande mmoja jiwe, upande wa pili hewa. Baba alitoa rozari. Kondoo akanikojolea viatu. Lakini tulipofika kwenye kona ile ambayo miti inaisha, mlima Hanang ukajitokeza mzima mzima, peke yake, na wingu dogo begani, na basi zima likageuza shingo. Aisee, Mungu alipofika hapo hakuwa na haraka.

Baba akasema polepole, "Walipigana wakiwa wanautazama huu." Nikaelewa kwa nini mtu angekataa kumpa mgeni kodi kwa ajili ya nchi kama ile.

Endasak

Endasak tulifikia kwa shangazi Marta, binamu yake baba, mjane mwenye shamba la mahindi na maharage kwenye mteremko wa mlima. Alitupokea kwa vigelegele. Tukala ugali wa unga mpya, maharage yaliyoungwa kwa maziwa, na maziwa mgando kwenye kibuyu, mazito mpaka unayatikisa ndiyo yatoke. Nilikula nikalegeza kanga.

Baba alipomweleza tunakokwenda, shangazi akaacha kukusanya vyombo.

"Kaka, umechanganyikiwa? Wale watu hawasahau. Mmoja wao akikosewa, hata ukoo mzima unakumbuka. Unakwenda kuwaambia sisi ndio tuliomwua babu yenu?"

"Ndiyo."

"Wakikukataa, utarudi na nini?"

"Nitarudi na jibu."

"Jibu halitibu tezi dume!"

Hapo nilikuwa upande wa shangazi, nawaambia ukweli. Nilijua wakimkataa, baba angerudi Mbulu, akalala kwenye kitanda chake, akasubiri kufa kwa ukaidi. Asubuhi nilijaribu mara ya mwisho. Nikamwambia, "Baba, si tungeandika barua?" Akaniangalia kwa huruma kama mtu aliyezaa mtoto mjinga. Akachukua fimbo yake, akamfungua kondoo.

Gitting

Tulichukua bodaboda mbili, mimi na dumu la asali kwenye moja, baba kwenye nyingine na kondoo amepakatwa mapajani, masikio yanapepea. Njia nzima watoto walitupungia mkono, nadhani walikuwa wanampungia kondoo.

Gitting ni baridi, watu wanalima viazi na ngano, na ukisimama ukingoni unaona uwanda umelala chini na Ziwa Balangida limekauka kingo zake, chumvi nyeupe pe. Tulisimama kula viazi vya kuchemsha vilivyochovywa chumvi ya ziwa hilohilo. Kumbe tulisimama njia ya mnadani. Mwanamume mmoja mwenye kofia ya pama akaja moja kwa moja, akamshika kondoo mgongo, akamfunua midomo.

"Mzee shikamoo. Mnamtoa kwa shilingi ngapi?"

"Marahaba. Hauzwi."

"Kila mnyama anauzwa, mzee. Sema."

"Huyu ana deni lake la kwenda kulipa yeye mwenyewe."

Yule bwana akafikiri baba anabembeleza bei, akapandisha. Baba akakataa, akapandisha tena. Watu wakajaa, kila mmoja akaamini huyu kondoo ana siri, pengine ana mimba ya mapacha. Ilibidi nipande juu ya jiwe nipige kelele kwamba ni kondoo wa msiba. Wakatawanyika kwa heshima na kutupa pole, na mmoja akatuongezea viazi. Mungu anisamehe, ila si uongo mzima.

Uwandani

Chini joto ni lingine na vumbi ni jingine. Pikipiki ya baba ikapata pancha mahali ambapo hakuna kitu ila miiba na ng'ombe wa mbali. Madereva wakaondoka na ile nzima kutafuta viraka. Nikamwacha baba kwenye kivuli cha kichaka pamoja na kondoo na asali, nikaenda kuuliza njia, maana kuuliza si ujinga.

Nikawakuta wanawake watatu wakichota maji na punda wao. Wadatooga wa kweli, sketi za ngozi zenye shanga, vikuku vya shaba vimejaa mikono, wamesimama wima mpaka nikajiona nimepinda. Mmoja alikuwa bibi. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia vizuri, wakatabasamu. Nikauliza kwa sauti ya kutosha, nikijua Kiswahili kwao si cha kila siku: "Naulizia kaburi la mzee," nikalitaja jina.

Tabasamu likafa. Wawili wakatazama chini. Nikadhani hawakusikia, nikalitaja tena. Bibi akafunika mdomo kwa kiganja. Mara ya tatu, wakaacha hata dumu moja halijajaa, wakawaswaga punda, wakaenda zao bila kugeuka. Nikaenda kwenye nyumba iliyokuwa karibu, nikamkuta mama kijana anasuuza kibuyu. Nikamuuliza vilevile. Akaingia ndani.

Nilirudi kwa baba mbio, hasira na woga vimechanganyika. "Shangazi alisema kweli," nikamwambia. "Nikitaja tu jina wanakimbia. Miaka zaidi ya mia na bado wana kinyongo. Inuka turudi, kabla hawajaja wanaume wao."

"Mimi siendi," baba akasema. "Wewe nenda."

"Nitakuacha hapa na kondoo?"

"Niache."

Nikakaa chini nikalia. Ndiyo, mimi. Mkitaka kucheka chekeni. Nilikuwa namwona amekwisha kufa, amekaa pale na kamba mkononi.

Mwanamume ndiye aliyetukuta, wa makamo, shuka jekundu begani, simu mkononi. Akajitambulisha kwa Kiswahili safi: anaitwa Samweli. Akasema mama yake amemtuma, kuna mwanamke mgeni yuko njiani. Nikamwuliza kwa ukali kwa nini walitukimbia. Akashangaa.

"Mama, wewe uliwauliza nani? Si wanawake?"

"Kwani wanawake hawajui makaburi?"

Akacheka mpaka akajishika magoti. "Wale wote wameolewa kwetu. Mke kwetu hamtaji baba wa mume wake, wala babu, wala waliomtangulia. Yule mzee ndiye mkubwa wa nyumba yetu. Bibi uliyemsalimu ni mama yangu, ameolewa hapa tangu msichana, na jina hilo halijawahi kutoka kinywani mwake. Hata neno linalofanana nalo analikwepa. Halafu anakuja mwanamke mtu mzima, analitangaza njiani kwa sauti ya mnadani, mara tatu! Wamekimbia aibu, si wewe. Na wamekimbilia nyumbani kukamua, maana mgeni anakuja."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini hebu fikirini. Mjerumani alimnyonga yule mzee akidhani amemmaliza. Amekuja, ameondoka, Mwingereza amekuja, ameondoka, na mpaka leo kuna mwanamke kijana uwandani anaingia ndani ya nyumba yake kwa sababu hawezi kulitamka jina la mtu huyo, kwa heshima. Mfalme gani wa Ulaya ana hilo?

Kaburini

Tulipewa maziwa kwanza, kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi mpaka yana ladha ya mti. Ndipo tukapelekwa. Kaburi ni kichuguu kikubwa cha udongo ambacho wenyewe hukiita bung'eda, hujengewa mzee mwenye heshima kubwa. Mvua za miaka zimekishusha. Shamba la mahindi la mtu mwingine limekizunguka pande zote, na aliyelima ameliacha trekta lizunguke mbali.

Mzee Gidabayda, baba yake Samweli, alikuwa amekaa hapo na wazee wawili. Mrefu, mkavu, macho hayapepesi. Yeye Kiswahili anakisikia ila hakisemi, hivyo Samweli akasimama katikati kuwa mkalimani. Nikaona baba anamtazama Samweli kwa namna ya peke yake.

"Mwanangu," baba akamwambia, "nitakayosema, yaseme yote. Usipunguze kwa kunionea huruma wala kwa kuogopa."

"Nitayasema yote, mzee."

Baba akasimama kwa fimbo yake akasema. Hakujitetea hata kidogo. Akasema mtu wa damu yake aliulizwa mfalme ni nani, akajua hakuna mfalme, akaogopa kiboko, akanyoosha kidole. "Nimeleta kondoo na asali. Naomba mnisamehe niende nikafe au nikapone." Samweli akatafsiri neno kwa neno, sauti yake ikapungua mwishoni.

Mzee Gidabayda akalaza fimbo yake magotini. Kisha akauliza, "Nani alikwambia alinyooshewa kidole?"

"Babu yangu aliyekinyoosha."

"Hapana. Sisi tunajua ilivyokuwa. Mzungu aliuliza mkubwa wenu ni nani. Kijana mmoja aliyemchoma askari mkuki akataka kusimama. Mzee akamzuia kwa fimbo, akasimama yeye, akasema: ni mimi. Alisimama mwenyewe. Kidole hakikuwepo."

"Na mkalimani?" baba akauliza.

"Lazima alikuwepo. Hatumjui."

Baba akapandwa na hasira, mtu wa Mungu yule, akaipiga fimbo chini. "Kilikuwepo! Babu alinililia kwa ajili ya kidole hicho! Nimekibeba maisha yangu yote, mnaniambia hakikuwepo?"

Mzee Gidabayda akainuka naye. "Na sisi tumebeba kusimama kwake. Tukikubali kidole chenu, basi babu yetu alikamatwa tu, kama ng'ombe anayetolewa kundini. Unataka kutuchukulia kifo chake? Hatuna cha kukusamehe. Chukua kondoo wako."

Baba akakaa chini, kwenye udongo mtupu. Mimi damu ikanipanda kichwani. Nikamwambia yule mzee kwamba mgonjwa ametoka Mbulu kwa basi bovu, ametoa utu wake wote mbele yao, na kama hawana msamaha hata wa kusingizia basi maziwa yao wayanywe wenyewe. Samweli akanigeukia. "Mama, hayo sitayasema," akasema taratibu. "Na unajua baba anasikia Kiswahili."

Nikaona baba amefumba macho, na nikajua safari imeishia hapo na hospitali pia.

Ndipo bibi akasema, mama yake Samweli, aliyekuwa amekaa nyuma na wanawake wenzake. Aliuliza swali kwa baba, si kwa wazee. Samweli akatafsiri: "Mama anauliza, huko kwenu, miaka yote hii, mlikuwa mnamtajaje huyu mzee?"

"Hatukumtaja," baba akajibu bila kufumbua macho. "Babu alinikataza."

"Hata siku moja?"

"Hata kwa mke wangu. Huyu binti yangu amelijua jina mwezi huu."

Bibi akageuka akamsemesha mumewe kwa Kidatooga, maneno mengi, mkono unakata hewa, vikuku vinalia. Wanawake wakaanza kucheka chinichini. Samweli naye akashindwa kujizuia.

"Mama anasema hivi. Wanaume wa hapa wanalitaja jina lake, watoto wanalitaja. Wasiolitaja ni sisi wake tulioolewa nyumbani kwake, na hiyo ndiyo kazi yetu, tunaijua uzito wake. Sasa kumbe kuna nyumba Mbulu, wanaume kwa wanawake, wamekaa tangu Mjerumani hawalitaji. Wamefanya kazi ya wakwe na wala hawakuolewa! Anasema kondoo wa fidia arudi, sawa, mwenye boma amesema. Lakini kondoo aliyeletwa na mkwe, tangu lini akakataliwa?"

Baba akafumbua macho. "Mwambie yetu haikuwa heshima. Ilikuwa aibu."

Samweli akamwambia. Bibi akajibu kwa sentensi moja.

"Anasema mtu aliyemwonea mwenzake aibu muda wote huo alikuwa anamheshimu, ila hakuambiwa."

Mzee Gidabayda alimtazama mkewe, akamtazama baba pale chini. Akaja taratibu, akaichukua kamba ya kondoo kutoka mkononi mwa baba, akampa Samweli. Halafu akang'oa nyasi mbichi, ambazo kwao ni alama ya amani, pembeni ya shamba, akagawa fungu mara mbili, moja akampa baba. Akamshika kwapani akamwinua. Wakapanda wote wawili kile kichuguu hatua chache, wakaziweka zile nyasi juu, na kila mmoja akaomba kwa Mungu wake na kwa lugha yake. Baba aliomba Kiiraqw. Nilisikia jina likitoka, mara moja, kwa sauti ndogo.

Kurudi

Mnaniuliza habari ipi ni ya kweli, ya kidole au ya kusimama. Sijui. Mimi naamini kidole kilinyooka na mzee naye akasimama, maana watu wawili wanaweza kuifanya siku moja kila mtu kwa moyo wake. Baba nilipomwuliza kwenye basi, tukipanda Dareda, akasema, "Niache nisinzie, nina kupasuliwa."

Amepasuliwa wiki iliyopita, na yuko wodini anaendelea vizuri, ila mkaidi vilevile, anakataa uji wa hospitali. Juzi Jumamosi nilikuwa namlisha nikasikia mabishano getini. Nikatoka. Mlinzi amezuia watu: Samweli na mama yake, wana vumbi la njia nzima, basi, pikipiki, na ile njia ya Dareda tuliyoteremka sisi, wao wameipanda. Bibi ameshika kibuyu cha maziwa kwa mikono miwili.

"Wanaoingia saa hizi ni ndugu tu," mlinzi anasema. "Mna undugu gani na mgonjwa?"

Samweli akamgeukia mama yake, akamwuliza. Bibi akajibu bila kusita. Samweli akakohoa.

"Anasema ni mkwe mwenzake."

Mlinzi alimtazama bibi, vikuku, ngozi, kibuyu, akanitazama mimi. Nikamwambia ni kweli. Akafungua geti, na baba alipoelezwa alicheka mpaka nesi akaja mbio kumshika mshono.